Muulize Kocha: Namba ya Ukutani

Barua za mwezi huu zimenichekesha kidogo. Karibu zote zinauliza jambo moja, kila mtu kwa nguo yake: nimejiwekea lengo, lengo limenikataa, nifanye nini? Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana mwandishi wake ananikumbusha mtu ninayemfahamu vizuri sana.

“Miaka miwili nagonga ukuta uleule”

*Kocha, nina miaka 34, nafanya kazi ya kaunta benki hapa Arusha. Mwaka juzi nilikimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro pale Moshi nikamaliza kwa saa 2 dakika 11. Nikajiwekea lengo la saa 1 dakika 45, nikaliandika kwenye karatasi na kulibandika mlangoni mwa friji. Mwaka jana nikapata saa 2 dakika 14, mwaka huu saa 2 dakika 12. Novemba naanza kwa moto, Januari nimechoka, nakosa wiki nzima, na nikiiona ile karatasi nashikwa na hasira. Mke wangu anasema niitoe. Je, nishushe lengo, au mimi si mtu wa mbio?* — Mtu wa Kaunta, Arusha

Mdogo wangu, msikilize mkeo. Itoe leo. Namba yako inawezekana isiwe mbaya hata kidogo, ila imekaa pale kama mdai: inakutazama kila ukifuata maji ya kunywa, na haikuambii ulipe kwa njia gani.

Nami nilikuwa na mdai wangu. Mwaka 1986 nilikuwa na miaka 22, nimepanga chumba Sanawari. Nilikuwa nimekimbia mita 10,000 kwa dakika 31 na sekunde 10, nikajiona nimeshakuwa mtu. Nikachukua kipande cha mkaa nikaandika ukutani, juu ya kitanda: 29:30. (Mwenye nyumba alinitoza hela ya chokaa nilipohama.) Ukigawa 29:30 kwa mizunguko 25 ya uwanja unapata sekunde 71 hivi kwa kila mzunguko. Basi kesho yake nikaenda uwanjani nikaanza kukimbia kila mzunguko kwa sekunde 71. Wa tisa nikakata pumzi. Keshokutwa nikarudi, nikakata pumzi wa nane. Wiki ya tatu muundi wa kulia ukaanza kuuma, wiki ya tano nikawa nachechemea, na siku ya mashindano ya mkoa nilikuwa jukwaani natafuna muwa nikiwatazama wenzangu.

Mzee aliyekuwa akitufundisha alikuja chumbani kunijulia hali. Akaiona ile namba. Pole hakunipa. Aliniuliza, “Jumanne asubuhi, hii namba inakutuma ufanye nini?” Nikakosa jibu. Akanywa chai yangu yote akaondoka.

Sasa nakuuliza wewe: saa 1 dakika 45 inakutuma ufanye nini Jumanne asubuhi?

Kwanza tujue uliposimama. Pumzika siku mbili, kisha tafuta barabara tambarare au uwanja, ukimbie kilomita 5 kwa nguvu zako zote, na mtu akushikie saa. Muda utakaoupata zidisha kwa 4.6. Hesabu hii inatokana na kanuni ya mhandisi mmoja wa Marekani, Pete Riegel, nayo inakupa makisio ya nusu marathoni kwenye njia tambarare, kwa sharti kwamba mbio ndefu umezifanya za kutosha. Si msahafu, lakini inaondoa ndoto za mchana. Tuseme umepata dakika 27. Makisio yako ni saa 2 dakika 4. Ili saa 1 dakika 45 iwe karibu na mkono wako, hizo kilomita 5 inabidi uzimalize kwa dakika 22 na sekunde 50. Umeona pengo? Ni zaidi ya dakika 4 ndani ya kilomita 5 tu. Mtu mzima mwenye kazi na familia halizibi pengo hilo kati ya Novemba na Februari. Ni kazi ya misimu miwili, pengine mitatu. Ongeza na njia yenyewe: unaijua ile barabara inavyopanda kuelekea Mweka kabla ya kukurudisha chini, na unalijua joto la Moshi mwezi huo.

Kwa hiyo saa 1 dakika 45 sikufutii. Naihamishia mbali kidogo, ndani ya daftari, ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa msimu huu andika saa 1 dakika 58. Ukigawa kwa 4.6 utaona inadai kilomita 5 za dakika 25 na sekunde 40 hivi. Hiyo ndiyo kazi yako kufikia katikati ya Januari, wala usiwaze Moshi kabla ya hapo.

Halafu twende kwenye Jumanne. Vipande 6 vya mita 800, kila kimoja dakika 4 na sekunde 10 hadi 15, katikati unatembea dakika 2. Cha sita kikikushinda kukimaliza kwa muda huo, hivyo vya mwanzo ulivikimbia kwa sifa. Alhamisi jogi ya dakika 40, mwendo wa kuweza kumsimulia mwenzako mechi ya jana bila kuhema. Ukihema, punguza, hata kama kuna kina mama wanakupita. Jumapili mbio ndefu: anza kilomita 10, ongeza kilomita moja au moja na nusu kila wiki, na kila wiki ya nne rudi chini upumzishe miguu, mpaka ufike 18 au 19. Mara moja kwa wiki mbili, hiyo ya Jumapili ipeleke upande wa Ngaramtoni upande mlima. Mtu anayefanya mazoezi yote kwenye tambarare kisha anaenda kushangaa kilima cha Mweka, mimi simhurumii.

Hilo la kuanza kwa moto Novemba na kuzimika Januari lina dawa, ila haina ladha. Wiki nne za kwanza usiwe na lengo lolote la muda. Lengo ni alama 12 za vema kwenye daftari: siku tatu kwa wiki, wiki nne. Ukitoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri umevaa raba, weka vema, hata kama umekimbia kama mzigo. Ukikosa siku, imekwenda. Usilipe deni kwa kukimbia mara mbili kesho yake. Najua watu wa benki hampendi deni lisilolipwa, lakini hivyo ndivyo ulivyozimika hiyo miaka miwili, naweza kuapa.

Siku yenyewe nenda na malengo matatu mfukoni. La juu: saa 1 dakika 58. La kati: saa 2 dakika 4. La chini, ambalo halitegemei saa: kupanda kote bila kutembea hatua hata moja. Saa 1 dakika 58 ni wastani wa dakika 5 na sekunde 35 kwa kilomita, lakini kwenye mpando usiifukuze hiyo. Panda kwa dakika 6 na sekunde zako, waache wanaokupita, wengi wao utawaokota mnaposhuka.

Ulizo lako la mwisho, kama wewe ni mtu wa mbio: mtu ambaye si wa mbio angeshanunua baiskeli.

“Ameahidiwa simu akiwa wa kwanza”

*Shikamoo kocha. Binti yangu yuko kidato cha pili, anakimbia mita 800. Kwenye UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) ngazi ya wilaya alikuwa wa nne kwa dakika 2 na sekunde 34. Baba yake amemwahidi simu akishika nafasi ya kwanza mwakani. Tangu hapo usiku wa kuamkia mashindano hali chakula, na juzi kwenye bonanza la shule alisema tumbo linauma ili asikimbie. Nimchukulie vipi?* — Mama wa Binti, Babati

Marahaba mama. Tumbo linamuuma kweli, usimshuku. Amepewa mtihani ambao majibu yake yako kwenye miguu ya watoto wa watu.

Nikupe kisa ambacho kila mwanariadha wa rika langu anakijua nusu tu. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wetu alikimbia mita 1,500 akiongoza tangu mlio wa bastola, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 sekunde 32.2. Hiyo nusu tunaisimulia kila mwaka. Nusu nyingine ni kwamba aliyemfuata, John Walker, mwenyeji wa nchi ile, alikimbia 3:32.5. Rekodi ya zamani ilikuwa 3:33.1. Yaani Walker naye aliivunja rekodi ya dunia siku ileile, kwa miguu yake miwili, na akawa wa pili. Kama baba yake angekuwa amemwahidi simu, angerudi nyumbani mikono mitupu.

Na karibu zaidi: Alphonce Simbu. London 2017 kwenye mashindano ya dunia alimaliza marathoni kwa saa 2 dakika 9 sekunde 51, akapata shaba. Tokyo, Septemba 2025, akamaliza kwa 2:09:48, akapata dhahabu, ya kwanza kwa Tanzania kwenye mashindano hayo. Sekunde tatu tu za tofauti baada ya miaka minane! Tena hiyo dhahabu aliipata kwa sehemu tatu za mia za sekunde mbele ya Amanal Petros wa Ujerumani. Saa iliwaandikia wote wawili muda mmoja. Njia, joto, wapinzani, mwendo wa kundi: hivyo ndivyo vinavyogawa medali, na hakuna hata kimoja anachokishika mkimbiaji. Anachokishika ni kuwa tayari kufika pale mwisho akiwa bado na kitu miguuni.

Kwa hiyo zungumza na baba yake, kwa heshima, na akiwa ameshashiba. Ahadi asiivunje, maana mtoto ataona ameadhibiwa. Aibadilishe tu. Muulize mwalimu wake wa michezo mzunguko wa kwanza binti aliukimbia kwa sekunde ngapi. Naweka dau kwamba alitoka kama swala, sekunde 72 au chini yake, kisha mzunguko wa pili akaburuta. Watoto wote wa 800 wana ugonjwa huo. Basi lengo la muhula huu liwe hili: mizunguko yake miwili isipishane zaidi ya sekunde 4. Akikimbia 74 na 78 amepata dakika 2 na sekunde 32, ameshajishinda, hata akiwa wa sita. Baba akitaka kutoa zawadi aitoe hapo. Na ikiwezekana iwe raba au spaiki, simu itamlaza saa saba za usiku.

Jambo moja hukuliuliza, nami sitaki kulipita. Mtu yeyote asimwekee binti huyu lengo la kilo, hata kwa mzaha wa “ukipungua kidogo utapaa”. Anakua, anahitaji ugali wake na maharage yake na maziwa. Hiyo ya kutokula usiku wa kuamkia mashindano ifuatilie. Ikianza kuhamia siku za kawaida, au akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo, mpeleke kwa daktari na mazoezi yasimame mpaka daktari aseme.

“Nifikirie makubwa kama Kipchoge?”

*Kocha, nina miaka 20. Nataka marathoni yangu ya kwanza niimalize chini ya saa 2 na nusu. Bado sijakimbia hata kilomita 10 mfululizo, lakini Kipchoge alisema binadamu hana mipaka.* — Kijana wa Likoni, Mombasa

Kijana wangu, maneno ya Kipchoge umeyashika, daftari lake hujaliona. Huyo ni mtu ambaye anaandika kila zoezi lake tangu akiwa kijana chini ya kocha wake Patrick Sang. Mei 2017 alijaribu kushuka chini ya saa 2 kule Monza, Italia, akapata 2:00:25. Akarudi kambini kwake Kaptagat, Kenya. Oktoba 2019, Vienna, akapata 1:59:40, akiwa na wakimbiaji wa kumkinga upepo wakipokezana, ndiyo maana haikuandikwa kama rekodi rasmi. Kati ya siku hizo mbili mna sekunde 45. Zilimchukua miaka miwili na miezi mitano, naye tayari alikuwa bingwa wa Olimpiki.

Saa 2 na nusu ni dakika 3 na sekunde 33 kwa kilomita, mara 42. Kesho asubuhi, kabla jua la pwani halijakali, kimbia kilomita moja tu kwa mwendo huo. Ukiiweza, jaribu tatu. Kisha niandikie tena, na ulete lengo la kilomita 10.

“Wamekubali wote, hawaji”

*Kocha, nafundisha timu ya mpira ya mtaa. Mwanzo wa msimu tulikaa kikao, wachezaji wote 19 wakakubali kwa sauti moja kwamba lengo ni ubingwa wa ligi ya wilaya. Tumecheza mechi 5, tumeshinda moja. Mazoezini wanakuja 8.* — Kocha Mwenzio, Tanga

Mwenzangu, mpira si fani yangu, kwa hiyo chukua yanayokufaa. Wamekubali wote kwa sababu ubingwa haukataliwi na mtu. Ungewauliza kama wanataka pepo pia wangekubali kwa sauti moja.

Mechi ijayo mpe kijana mmoja wa benchi kalamu na karatasi. Ahesabu kitu kimoja: mipira mingapi mnaipoteza ndani ya nusu yenu ya uwanja. Usimwambie mtu anahesabu nini. Tuseme ni 31. Mazoezi yanayofuata waonyeshe karatasi, waulize wenyewe watafika ngapi Jumamosi. Watasema 10, ni kawaida yao. Wabembeleze wakubali 26. Hesabu ikishuka, ibandikeni pale mnapovulia viatu. Wachezaji huja mazoezini pakiwa na hesabu inayosogea, hata ndogo. Na hao 8 wanaokuja, hao ndio timu yako kwa sasa. Wafundishe wao, acha kutumia nusu saa ya kwanza kuwalaumu wasiokuwepo, kwa sababu wanaokusikia ni waliokuja.

“Na wewe je?”

*Kocha, unatupangia sisi. Wewe una lengo gani?* — Msomaji, Dodoma

Nina miaka 61 na goti la kushoto linalotabiri mvua. Mwaka jana niliacha kukimbia kabisa miezi saba. Lengo langu ni kilomita 5 bila kusimama kabla ya sikukuu ya Krismasi, muda wowote ule. Wiki hii nimefika kilomita 3.2, pale kwenye mwembe karibu na mashine ya kusaga, ambapo kuna mbwa. Kwa ajili ya mbwa huyo, mita 100 za mwisho nazikimbia kwa kasi ambayo sijaiona tangu 1988. Nazo naziandika kwenye daftari.